Nimesomea saikolojia, wakala anataka nikalee wazee Uingereza

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nilianza kama muuguzi. Shahada ya kwanza niliichukua hapa hapa UDOM, nikafanya kazi wodini miaka kadhaa, kisha mwajiri akaniruhusu kwenda Muhimbili kusoma uzamili wa saikolojia tiba. Nimerudi mwaka wa nne sasa. Kazi ninayofanya kila siku ni ya saikolojia, katika hospitali moja ya serikali, lakini kwenye barua ya ajira bado ni muuguzi.

Chumba changu tunagawana na stoo ya fomu. Mgonjwa akianza kulia mtu anagonga, anaingia, anabeba boksi lake, anatoka. Wiki mbili zilizopita mama mmoja aliyefiwa na mtoto alikuwa kwenye kikao cha tatu, na ndiyo kwanza ameanza kusema. Mlango ukafunguliwa. Akajifunga kanga vizuri, akasema, "Basi nesi, nitakuja siku nyingine." Hajarudi. Na kuna siku nina wagonjwa sita kwenye daftari, naitwa nikashike zamu wodini kwa sababu muuguzi hayupo.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Mwezi uliopita alikuja na mtu anayejiita wakala. Ana nafasi za kulea wazee Uingereza. Gharama ni milioni 6 na nusu, nusu tulipe sasa, nusu visa ikitoka. Nikamwambia mimi nimesomea saikolojia, akanijibu, "Dada, wewe fika kwanza. Ukishafika utabadilisha." Mwisho wa kulipa ni tarehe 30. Mume wangu anasema niende, yeye na watoto watafuata baada ya miezi sita. Mkubwa ana miaka 9, mdogo 4.

Pesa hiyo hatuna. Tumewaza kuuza shamba la zabibu, nusu eka, huko Mpunguzi. Aliliacha marehemu baba na mama ndiye analisimamia. Mama ana kisukari. Bado hatujamwambia.

Kingine, nilipokwenda masomoni nilisaini mkataba wa kurudi kumtumikia mwajiri, na umebaki mwaka mmoja na miezi minane. Halafu kuna jambo linaloninyima usingizi zaidi ya yote. Hapa kazini mwanasaikolojia ni mimi peke yangu. Nikiondoka, kile chumba kitakuwa stoo moja kwa moja.

Niende au nisiende? Na je, ipo njia ya kwenda nikabaki mwanasaikolojia?

Aliye njia panda, Dodoma

MSHAURI ANAJIBU

Dada mpendwa,

Marahaba. Pole na huo mlango unaofunguliwa ovyo. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nimesimama kwa yule mama aliyejifunga kanga yake akaondoka. Nitamrudia.

Unauliza uende au usiende, lakini swali hilo limebeba mengine ambayo hayafanani: kama ahadi ya wakala ni ya kweli, kama taaluma yako itakwenda nawe, na ni kitu gani hasa unachotaka kukiacha nyuma. Naanza na wakala kwa sababu ya tarehe 30.

Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga maombi mapya ya visa ya kazi ya ulezi kwa watu walio nje ya nchi hiyo. Nafasi anayokuuzia haipo kwa mtu aliyeko Nkuhungu. Na hata ilipokuwepo, kuanzia tarehe 11 Machi 2024 mlezi mpya hakuruhusiwa kwenda na mwenzi wake wala watoto. Kwa hiyo ile miezi sita ambayo mume wako anaihesabu kwa nia njema haikuwa na msingi hata kabla visa hiyo haijafungwa. Sijui kama wakala anayajua haya na kuyaficha, au naye ameyapokea kwa mtu mwingine. Kwa mfuko wako, matokeo ni yale yale.

Kuna mengine unayoweza kumpimia. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 kuhusu mawakala wa ajira inakataza kumtoza mtafuta kazi pesa ya kutafutiwa kazi. Pia Tanzania imo katika orodha ya nchi 55 ambazo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023, lilizitaja kuwa na uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, na mwongozo wa Uingereza unawazuia waajiri na mawakala kuja kuchukua watumishi kutoka nchi hizo. Mtumishi mwenyewe hazuiwi. Ukiona tangazo la kazi ukaomba kwa mkono wako, ni halali kabisa. Kinachozuiwa ni mtu kupita mitaani akikusanya majina.

Muulize jina kamili la mwajiri, kisha lifungue katika orodha ya waajiri wenye kibali cha kudhamini wageni. Orodha hiyo iko kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, ni bure na inafunguka hata kwenye simu. Muulize barua pepe ya mwajiri inaishia na nini, kwani hospitali za umma za huko hutumia nhs.uk au nhs.net. Akikuletea karatasi yenye nembo na muhuri akasema ndiyo COS, yaani cheti cha udhamini, ujue kwamba cheti hicho ni kumbukumbu ya kielektroniki yenye namba. Mwajiri huitoa baada ya usaili na makubaliano ya kazi, haichapwi stationery. Hapa nyumbani, muulize namba ya leseni yake kutoka kwa Kamishna wa Kazi, ukaiulizie TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Na kumbuka kwamba visa ikiombwa kwa nyaraka za uongo, anayezuiwa kuomba tena ni mwombaji, na zuio hilo linaweza kufika miaka 10. Wakala atabadilisha laini.

Sasa hili neno "ukishafika utabadilisha". Visa ya kazi inafungwa kwa mwajiri na kwa kazi iliyotajwa. Kuhamia kazi nyingine kunahitaji mdhamini mpya, na kwa mwanasaikolojia kunahitaji usajili kwanza. Saa ulizotumia kumwogesha na kumlisha mzee ni kazi ya heshima, lakini hazihesabiwi kuwa uzoefu wa saikolojia tiba.

Njia ya kwenda ukabaki mwanasaikolojia ipo, ila ni nyembamba, na ni haki yako kuuona wembamba wake kabla hujaingia. Wanasaikolojia wa Uingereza husajiliwa na baraza liitwalo HCPC. Yapo matawi 7, na mwombaji huchagua moja: tiba, unasihi, elimu, mahakama na magereza, afya, kazi na ajira, au michezo na mazoezi. Maombi hupimwa kwa viwango vya tawi ulilolichagua, na kutumia cheo cha mwanasaikolojia tiba bila usajili ni kosa la jinai. Huko, mtu wa tawi la tiba husoma shahada ya kwanza ya saikolojia, kisha mafunzo ya miaka 3 ya ngazi ya uzamivu. Wewe una uzamili, na shahada yako ya kwanza ni ya uuguzi. Usishangae maswali yao yakianzia hapo.

Hilo halina maana kwamba mlango umefungwa. HCPC hutazama mafunzo pamoja na uzoefu wa kazini, kipengele kwa kipengele. Wanaweza kukusajili, kukukataa, au kukuonyesha mapengo na kukupa nafasi ya kuyaziba kwa kipindi cha kufanya kazi chini ya usimamizi au kwa mtihani. Kipindi hicho cha usimamizi mwombaji hukitafuta mwenyewe, na hapo ndipo wengi hukwama: waajiri wanataka aliyesajiliwa, na usajili unasubiri mwajiri. Ada ya kupitiwa maombi hairudishwi hata ukikataliwa, kwa hiyo usitume faili lenye mashimo.

Faili hukosa nguvu kwa mambo madogo. Transkripti inasema "Mazoezi ya Vitendo, B+", basi. Haisemi ulikuwa wapi, saa ngapi, wagonjwa wa aina gani, nani alikusimamia. Omba chuoni silabasi ya kila somo yenye idadi ya saa, na omba barua kwa waliokusimamia mazoezini wangali kazini, kwa sababu wasimamizi wanastaafu na wanahama. Angalia pia majina. Kama cheti cha kidato cha nne kina majina mawili na pasipoti ina matatu, au uliongeza jina la mume, shughulikia hati ya kiapo au hati ya kubadili jina sasa hivi. Mambo hayo hula miezi.

Kiingereza nacho kina kipimo chake. Kwa tawi lako HCPC wanataka IELTS ya wastani wa 7.0, pasiwe na sehemu iliyo chini ya 6.5, na matokeo hukaa miaka 2 tu. Ukiyapata leo huku faili la chuo halijakamilika, unaweza kulazimika kurudia. Jiandae zaidi kwenye kuandika: dakika 60, kazi mbili, ya kwanza maneno 150, ya pili 250, na ya pili ina uzito mara mbili ya ya kwanza. Anayemalizia muda wake kwenye ya kwanza hujiumiza mwenyewe.

Ila kwa kazi yako lugha si mtihani tu. Mgonjwa wa Dodoma akikwambia kichwa kinawaka moto, unajua mara moja kama umwulize usingizi, deni au msiba. Akinyamaza, unajua ni kunyamaza kwa aina gani. Huko utaanza upya kujifunza watu wanasemaje wanapoumia, na kwa lafudhi ambazo IELTS haikukufundisha. Wapo wanaoliona hilo tamu, na wapo linalowanyong'onyeza.

Kuna mlango ambao barua yako haikuutaja kabisa, nao ni uuguzi. Kwa karatasi ulizonazo, huo ndio ulio karibu zaidi. Baraza la wauguzi la huko, NMC, linataka uthibitisho kutoka Baraza la Wauguzi na Wakunga Tanzania, kwa hiyo leseni yako iwe hai. Linataka IELTS ya 7 katika kusikiliza, kusoma na kuongea, na 6.5 katika kuandika. Mtihani wa kwanza hufanywa kwenye kompyuta, maswali 15 ya hesabu za dawa na 100 ya uuguzi. Wa pili ni wa vitendo, vituo 10, na hufanyikia Uingereza. Muuguzi aliyepata mwajiri wa kweli bado anaruhusiwa kuomba kwenda na familia. Uliza mapema watakuweka tawi gani, kwa sababu muuguzi wa jumla na muuguzi wa afya ya akili ni usajili tofauti, na huyo wa pili ndiye ambaye taaluma yake inatambulika kuwa msingi wa kuingia mafunzo ya tiba ya fikra na tabia, ile mnayoiita CBT.

Nadhani najua kwa nini hukuutaja. Umechoka kuitwa nesi ukiwa katikati ya kazi nyingine. Ukipita mlango huu utaitwa nesi tena, labda miaka mingi, na hakuna anayeweza kukuahidi kwamba saikolojia itarudi. Kaa na hilo peke yako kabla ya kulijadili na mtu yeyote.

Uingereza si dunia nzima. Afrika Kusini mwanasaikolojia tiba husajiliwa kwa uzamili pamoja na mwaka mmoja wa mafunzo kazini na mwaka mmoja wa huduma kwa jamii, na Alberta huko Kanada nao husajili wenye uzamili. Ngazi yao iko karibu na yako, ingawa nao wataisoma transkripti kwa miwani. Kama unachotamani ni kusoma zaidi, fahamu kwamba tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kawaida Uingereza haruhusiwi kwenda na familia, ila wa uzamivu anaruhusiwa. Ufadhili kama Chevening unataka urudi nyumbani na ukae angalau miaka 2. Kwa mtu mwenye mama Mpunguzi na watoto wadogo, sharti hilo linaweza kuwa faraja badala ya mzigo. Wewe ndiye unayejua.

Mkataba wako wa masomo usome tena leo jioni, neno kwa neno: unadaiwa nini ukivunja, na kama unaruhusu kulipa fidia au kusimamishwa kwa muda. Likizo bila malipo huombwa kwa maandishi na inaweza kukataliwa. Ushauri wa kijiweni kwamba "ondoka tu, watakuona umepotea" ni wa hatari kwako kuliko kwa mtumishi mwingine. Kutokuonekana kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa ni kosa linaloweza kukufukuzisha, na barua za mwajiri ndizo HCPC au NMC watakazoziomba. Ukiwa mtoro, hata mlango halali unajifunga. Kama mkopo wa chuo wa HESLB bado upo, ile asilimia 15 inayokatwa kwenye mshahara itasimama siku mshahara utakaposimama, lakini deni litaendelea kukungoja. Panga utalilipaje ukiwa nje.

Halafu shamba. Mzabibu wa Dodoma unavunwa mara mbili kwa mwaka, na mche mpya unahitaji miaka kabla ya kukupa kitu cha maana. Nusu eka ya mizabibu inayozaa ikiuzwa, aliyeuza haanzi tena mwakani. Pengine ndiyo inayonunua dawa za mama. Pengine mama mwenyewe amechoka kupogoa na kupiga dawa ya ukungu, na angefurahi mtu amwondolee. Hujui, kwa sababu hamjamuuliza. Mmemwacha nje ya jambo ambalo yeye ndiye anaishi ndani yake, na nadhani mnamficha kwa upendo, msimpandishie sukari. Lakini mnunuzi wa kwanza atakayekwenda kupima mipaka ndiye atakayempa habari.

Mume wako naye anasema "nenda". Je, mmewahi kuzungumza itakuwaje kama yeye na watoto hawatafuata kwa miaka 2 au 3? Nani atampeleka huyu wa miaka 4 kliniki, nani atashuka Mpunguzi mama akizidiwa usiku? Swali hilo si la kumvunja moyo. "Nenda" yake ilijengwa juu ya ile miezi sita, na sasa msingi huo umeondoka. Anastahili kuulizwa upya.

Narudi kwa yule mama na kanga yake. Katika barua yako pesa umeitaja mara moja tu, na ni pesa ya wakala. Mshahara hujautaja popote. Chumba umekirudia mwanzo na mwisho. Naweza kuwa nimekosea, lakini mimi nasikia mtu anayetaka kufanya kazi aliyoisomea, mlango ukiwa umefungwa. Kama ndivyo, kuna barua moja inayostahili kuandikwa kabla ya nyingine zote: ya kuomba kubadilishwa kada kutoka uuguzi kwenda saikolojia, yenye nakala ya cheti cha uzamili na takwimu za daftari lako, yaani wagonjwa wangapi kwa mwezi, wa rufaa kutoka idara zipi, na vikao vingapi vilikatika kwa sababu ya chumba au zamu. Bila majina ya wagonjwa. Ipeleke kwa mganga mfawidhi kupitia kwa mkuu wako wa idara, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Barua hiyo inaweza kukaa mezani mwaka mzima bila jibu, sitakuficha. Lakini ikikubaliwa, hutakuwa tena mtu wa kuitwa wodini. Na hata kwa safari, karatasi rasmi inayosema wewe ni mwanasaikolojia tangu mwaka fulani ndiyo HCPC wangependa kuiona, na leo huna. Omba pia siku mbili tu kwa wiki za chumba kisichoingiliwa. Ombi dogo lenye ratiba hupita mahali ambapo ombi la chumba kizima hukwama.

Kuhusu kinachokunyima usingizi, naomba nikuulize taratibu. Kwamba chumba kitakuwa stoo ukiondoka, huo ni mzigo wako wewe, au wa taasisi iliyokuwa na mwanasaikolojia mmoja na kumweka stoo? Kuwapenda wagonjwa wako ni sababu nzuri ya kubaki kwa anayetaka kubaki. Ikiwa hatia ndiyo pekee inayokushika, utaanza kuwachukia wagonjwa wale wale, nao watalihisi. Na ukiamua kuondoka, muda uliobaki kwenye mkataba unatosha kumfundisha muuguzi mmoja kutambua mgonjwa wa sonona na kumpa rufaa ya hospitali ya afya ya akili ya Mirembe badala ya kumrudisha nyumbani na Panadol.

Hiyo miezi 20 ya mkataba unaweza kuiona kama kamba. Lakini silabasi, barua za wasimamizi, majina, IELTS na kubadilishwa kada, ukivipanga vizuri, vinaingia humo vyote, na hakuna kimoja kinachokudai uuze shamba.

Wiki hii, kabla ya tarehe 30, nendeni Mpunguzi wote wawili mkaongee na mama. Na kama una namba ya yule mama aliyefiwa, mpigie mwambie kikao cha nne kipo, na safari hii umetafuta chumba kingine hata kwa saa moja. Ukipata jibu la chuo kuhusu silabasi, au la mganga mfawidhi kuhusu kada, niandikie tena.